Uhakiki wa Katuni Isiyochapishwa: Somo Kutoka Isansa

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa atofautishe mswada na kitabu hatapata taabu. Mswada ni kazi kabla haijaingia mtamboni; kitabu ni kazi iliyokwisha kutoka. Atakwambia pia kwamba mhakiki makini wa tenzi hatosheki na nakala iliyopigwa chapa, bali huuliza mswada uko wapi, umenakiliwa na nani, na ni beti zipi zilizofutwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo mwulize mswada wa katuni ni kitu gani na uko wapi, atakucheka. Katuni si inanunuliwa kwa muuza magazeti, inasomwa kwenye daladala, halafu inafungiwa karanga? Sasa mswada wa nini tena?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si la kucheka. Ninadai kwamba anayehakiki katuni za Kiswahili kwa kutazama ukurasa uliochapwa tu anahakiki nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mchoro asilia, yaani karatasi yenyewe iliyotoka mkononi mwa mchoraji, na nusu hiyo inaoza majumbani wakati sisi tunabishana ukumbini kama katuni ni fasihi au siyo. Kadhalika nitakiri kosa langu mwenyewe la uhakiki, kwani limenifundisha zaidi kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Jadi tunayoisoma nusu

Hatuwezi kusema kwamba hatuna jadi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wasomaji wa gazeti la Uhuru walimjua Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo walianzisha jarida la Sani, na humo wakaishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Komredi Kipepe. Baada ya hapo wakaja kina James Gayo na Kingo wake, na Gado, kijana aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 akaenda kuchora katika gazeti la Nation la Nairobi kuanzia 1992. Wengi wetu tulijua kusoma Kiswahili cha mjini kwa Sani kabla hatujakijua cha darasani, na asiyekubali hilo anaogopa mwalimu wake tu.

Sasa mtazame Philip Ndunguru, aliyewapa uhai baadhi ya wahusika hao wa Sani na kufariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika hawakufa naye. Wachoraji wengine waliwachukua wakaendelea nao. Hapa pana suala zuri sana la uhakiki: mkono wa Ndunguru unaishia wapi na mkono wa wengine unaanzia wapi? Kwa nakala zilizochapwa swali hili ni gumu kulijibu. Karatasi ya magazeti hufyonza wino, mstari mwembamba hunenepa, na kivuli kilichochorwa kwa nukta hugeuka doa. Mtambo unawafananisha wachoraji wote kama mvua inavyowafananisha watu waliolowa. Karatasi zao wenyewe tungekuwa nazo, tungeona shinikizo la kalamu, mahali alipositasita na mahali alipofuta.

Tranka la Isansa

Suala hili sikulipata kitabuni. Nililipata likizo ndefu iliyopita nyumbani kwetu Isansa, wilayani Mbozi, mkoa ambao tangu 2016 tunauita Songwe na kabla ya hapo ulikuwa sehemu ya Mbeya. Baba yangu mdogo, ambaye jina lake ameniomba nisilitaje, ni mkulima wa kahawa. Nilijua kwamba zamani alikuwa anachora, kwa sababu ubao wa duka moja pale kijijini ni kazi yake. Sikujua kwamba chini ya kitanda, ndani ya tranka aliloendea nalo shule, mna kurasa 23 za hadithi ya katuni aliyoichora kati ya 1986 na 1988, na kwamba hakuna hata moja iliyowahi kuchapishwa.

Kurasa hizo ni za karatasi ya manila iliyokatwa kwa wembe, kila moja ina fremu sita, nazo zimepigwa wino mweusi kwa kalamu ya kuchovya. Kuna hadithi fupi nyuma yake. Mara ya kwanza alichora kwa kalamu ya wino wa bluu, akatia katika bahasha ya kaki na kuipeleka kwa jarida moja la Dar es Salaam. Baada ya miezi mingi bahasha ilirudi na sentensi moja: tumia wino mweusi. Akachora upya. Akapeleka tena kurasa nane. Hizo hazikurudi hata leo, wala jibu halikuja. Ndipo akajiapiza kwamba atachora, lakini karatasi hazitatoka tena Isansa.

Wapo watakaouliza kwa nini bluu ilikataliwa. Enzi hizo ukurasa ulipigwa picha kwa kamera ya kiwandani kabla ya kutengenezewa bamba la kuchapia, na filamu ya kamera hiyo haikuiona bluu iliyopauka. Kwa mchapaji bluu hafifu ilikuwa sawa na weupe wa karatasi. Wachoraji wa dunia nzima walilitumia jambo hili kwa faida: walipanga mchoro kwa penseli ya bluu, wakapitisha wino mweusi juu yake, wala hawakuhangaika kufuta. Baba mdogo naye, baada ya kuikosa bahati kwa ajili ya bluu, alinunua penseli ya rangi ya bluu akaanza kuitumia kwa siri zake. Ndiyo maana kurasa zile zina sauti mbili. Ile nyeusi ni ya hadhira. Ile ya bluu ni yake mwenyewe.

Fani na maudhui ya kurasa 23

Hadithi yenyewe ni ya mzee mkulima na karani wa mizani. Kila msimu mzee hupeleka kahawa yake kwa baiskeli kwenye ghala la ushirika. Ikumbukwe kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, kwa hiyo mzee huyu ana matumaini: ushirika umerudi, mambo yatanyooka. Karani huning'iniza gunia kwenye ndoano ya mizani, halafu kwa siri hulinyanyua kidogo kwa goti. Mshale unashuka. Mzee anatazama mshale. Msomaji anatazama goti. Kinaya chote cha kazi hii kimo katika goti lile, ambalo halitajwi kwa neno hata moja tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kiufundi hili si jambo dogo. Katika riwaya mwandishi angelazimika kutuambia kwamba karani aliinua goti, na kwa kutuambia tu angekuwa ameshatuelekeza. Hapa msanii anatuachia tuone wenyewe, tena mara ya kwanza wengi hawaoni. Mimi niliona ukurasa wa nne. Binamu yangu wa darasa la tano aliona ukurasa wa kwanza, akanicheka.

Kilele kinakuja pale mzee, msimu uliokuwa mbaya, asipokuwa na gunia. Anamwomba karani ampime yeye mwenyewe. Karani anamning'iniza, na kwa mazoea goti linapanda. Mshale unasoma kilo 19. Mzee, miguu ikielea hewani, anasema: "Kumbe ndiyo maana nyumbani hawanioni." Sijui kama katika tashtiti zetu za kipindi kile nimesoma sentensi inayobeba unyonge wa mkulima kwa maneno machache kuliko hayo.

Hayo ni ya wino mweusi, na laiti kazi ingechapishwa ndiyo ambayo mhakiki angeyapata. Tuje kwenye bluu. Ndani ya viputo vya maneno, chini ya Kiswahili cha wino, kuna mazungumzo ya Kinyiha kwa penseli. Mimi Kinyiha ni lugha ya nyanya yangu, kwa hiyo nilisoma. Katika bluu mzee anamwita karani kama mtoto wa nyumbani na kuongea naye kirefu, kwa heshima na masikitiko. Katika Kiswahili cha juu amebakiwa na neno moja tu: karani. Undugu umepotea njiani kutoka lugha moja hadi nyingine. Baba mdogo hakutafsiri, alikata. Na alikata hasa kile ambacho msomaji wa Dar es Salaam asingekuwa na haja nacho.

Pembeni mwa kila ukurasa, pia kwa bluu, zimo namba mbili mbili: 60 na 47, 58 na 45. Nilidhani ni vipimo vya fremu. Siyo. Ni uzito wa kweli wa gunia na uzito ulioandikwa na karani, na chini ya ukurasa wa 23 hesabu imejumlishwa. Nilipomwuliza namba hizo alizitoa wapi alikaa kimya kwanza. Halafu akasema ni za babu.

Kiraka na kosa la mhakiki

Sasa nije kwenye kosa langu. Katika kurasa kumi na moja, kifuani mwa karani kumebandikwa kiraka cha karatasi kwa gundi, na juu ya kiraka shati limechorwa upya, jeupe. Nikapeleka ukurasa dirishani nikautazama kwa mwanga. Chini ya kiraka kuna beji ya chama.

Ndugu msomaji, nilifurahi mno. Hapo hapo makala yalijiandika kichwani: mfumo wa chama kimoja, woga wa msanii, udhibiti unaohama kutoka kwa mhariri na kuingia ndani ya kalamu. Nilikuwa na ushahidi mkononi, kiraka kimoja baada ya kingine. Nikachukua daftari nikaanza kuandika kabla ya chakula cha mchana.

Jioni nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akacheka hadi akatokwa na machozi. "Mwanangu," akasema, "yule karani alikuwa shemeji yangu. Beji ile alikuwa haivui hata msibani. Ningeiacha, kila mtu hapa angemjua. Na anayenipikia mimi ni dada yake, si chama."

Basi. Nadharia yangu yote ikaanguka kwa sentensi nne. Msanii hakuwa ameiogopa dola. Alikuwa amemstahi mkewe. Na hapo nikaelewa kwa nini undugu wa bluu haukuvuka kwenda kwenye wino, na kwa nini hesabu ya babu ilibaki pembeni. Kazi nzima ni malalamiko ya mtoto kwa niaba ya baba yake dhidi ya mtu wa familia, ambayo hayangeweza kusemwa mezani, yakasemwa kwa picha, kisha yakabandikwa kiraka. Shemeji mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, na ndiyo sababu nimeruhusiwa kuyaandika haya.

Hata hivyo sitaki kuhama kutoka kosa moja na kutumbukia katika lingine. Baadaye usiku ule, wakati tunapukuchua mahindi, aliongeza mwenyewe bila kuulizwa: "Lakini sikwambii kwamba nisingekuwa na shemeji ningeiacha beji. Hilo silijui." Kwa hiyo kiraka kinabaki na maana mbili, na mhakiki mwaminifu hana budi kuzibeba zote.

Hoja ya hadhira

Mwenzangu mmoja hapa chuoni, niliyemweleza habari hizi, alinipinga hivi: kazi isiyochapishwa haina hadhira, na fasihi bila hadhira ni shajara. Hoja hii ina uzito kidogo, lakini inasahau tulipotoka. Tenzi zetu ziliishi kwa vizazi katika hati za mkono, zikisomwa kwa sauti barazani, bila mtambo wowote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya hati hizo pwani, na orodha yake iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Hakuna aliyesema hati hizo si fasihi kwa kuwa hazikupita kiwandani. Kwa nini basi hati ya mchoraji wa Mbozi iwe takataka?

Isitoshe, kurasa za Isansa zina hadhira, na hadhira imeacha alama. Pembe za chini kulia zimekuwa kahawia kwa vidole. Baba mdogo aliwasomea watoto wa kijiji jioni baada ya kuchuma, akiigiza sauti za karani na mzee; watu wazima wa leo wanamkumbuka "mzee wa kilo 19" ingawa hawajui kwamba kuna karatasi. Hiyo ni fasihi simulizi yenye picha. Anayetaka kujua hadhira yake ilikuwa nani na aanzie kwenye uchafu wa pembe.

Thamani, na nani anashika mizani

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuamka, tena kwa kishindo. Januari 2021 mjini Paris uliuzwa mchoro wa jalada ambao Hergé aliuchora mwaka 1936 kwa ajili ya kitabu cha Tintin kiitwacho Le Lotus bleu, jalada ambalo halikutumika kwa sababu kulichapa kwa rangi zile kungegharimu mno. Kwa maelezo ya wauzaji, karatasi hiyo ilikunjwa na kukaa ndani ya droo ya familia ya mchapishaji kwa miaka mingi. Ilinunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 3. Kitu kilichokataliwa na mtambo!

Lakini tusikimbilie fedha. Marekani, Jack Kirby, mmoja wa waliowabuni mashujaa wa kampuni ya Marvel, alilazimika kupigania kwa miaka karatasi alizozichora mwenyewe. Mwaka 1987 alirudishiwa kama 2,000, nazo ni sehemu ndogo ya zote alizozichora. Maana yake ni kwamba hata mahali ambapo mchoro asilia una bei, mchoraji anaweza kuwa wa mwisho kuuona. Na jirani yetu wa Kinshasa, Papa Mfumu'eto, aliyechora vijitabu vya Kilingala na kuviuza mitaani tangu mapema miaka ya 1990, nyaraka zake leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida. Ni heri zimehifadhiwa. Lakini mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Dar akitaka kuziona kwa macho, aanze na viza.

Niliporudi chuoni rafiki yangu wa bweni aliona picha za kurasa hizo kwenye simu yangu akasema, "Hizi ni hela, mwanangu, tuzichukue." Alikuwa na mtu anayemfahamu mjini, atalipa kwa ukurasa. Nilimpigia baba mdogo nikamweleza, kwa kuwa haki ya kujibu ilikuwa yake. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mtu anapima kwa mizani ya nani?"

Pendekezo

Kwa hiyo ninapendekeza ukusanyaji wa namna nyingine, ambao hata sisi wanafunzi tusio na senti tunaumudu. Kila likizo tunatawanyika nchi nzima. Tuulize nyumbani na mitaani: nani alikuwa anachora? Tukimpata, tusianze na kununua. Tupige picha za kila ukurasa, mbele na nyuma, na ukurasa wenye kiraka tuupige pia ukiwa mbele ya mwanga. Tuandike aina ya karatasi, wino, tarehe, na lugha zote zilizomo. Tusibandike solotepu kamwe, maana hugeuka njano na kula karatasi. Zaidi ya yote tumrekodi mchoraji akieleza ukurasa mmoja mmoja, kwani nimeshaonyesha kwamba karatasi bila maneno ya mwenyewe inaweza kumdanganya mhakiki akiwa na ushahidi mkononi. Nakala ziletwe maktaba. Asilia ibaki kwa mwenyewe hadi atakapoamua vingine, kwa maandishi. Na ieleweke kwamba anayenunua karatasi hajanunua haki ya kuichapa.

Watakaosema kazi hii ni ya wakutubi na si ya wahakiki, nitawajibu kwamba bila wao mimi ningekuwa nimeshachapisha makala ya udhibiti, tena mazuri, tena ya uongo.

Hitimisho

Ukurasa wa 23 haujamalizika. Fremu ya sita ina bluu tu: mzee ameshuka kwenye ndoano, karani amening'inia yeye, na mshale haujachorwa. Nilimwuliza baba mdogo ulipaswa kusoma kilo ngapi. Alisema hajaamua, na kwamba akiutia wino itabidi aonyeshe ni goti la nani linalomnyanyua. Ameanza kuandika maelezo ya kurasa zote katika kaunta buku niliyomnunulia Vwawa. Amefika ukurasa wa tisa. Michoro bado imo trankani. Mhadhiri au mwanafunzi anayetaka kuihakiki aje Isansa, atakaribishwa, na mwenye kazi atakuwepo.